CV ya Kuazima

Kitengela,
4 Mei 1998.

Mama Katee,

Natumai wewe na mtoto na wazee hapo Kajiado mko salama. Mimi niko salama, ila chai najipikia mwenyewe na haikubali kuwa chai.

Sijaandika tangu Januari kwa sababu nilikuwa najipanga. Mwanaume akiachishwa kazi hawezi kukimbilia kalamu kama mwanafunzi wa bweni. Sasa nimejipanga. Shamba jipya la maua hapo Isinya linatafuta mtunza stoo. Ni kazi ya kuandikwa kabisa, si ya kibarua, na anayeipata anapewa nyumba ya mawe, vyumba viwili, maji ndani. Wanataka CV kabla ya mwisho wa mwezi.

CV niko nayo tayari. Kuna kijana anaitwa Elphas amefungua duka la kompyuta hapa karibu na stendi, na amenitengenezea moja ambayo hata meneja wa benki hana. Kurasa sita. Kwa vile siku hizi unataipia watu barua katika ofisi ya Katoo, nataka uipitie tu, ukaze mahali palipolegea, kisha umpe Sankale anirudishie. Lori lake linapita huko na kokoto karibu kila siku. Usichelewe. Kazi hii ni faida yako pia, kwa sababu nikiipata utarudi nyumbani na yale mambo ya Januari yataisha.

Mume wako,
Mutunga.


Kajiado,
9 Mei 1998.

Baba Katee,

Barua yako imefika. Ile homa ya matumbo ilipona mwezi wa Machi, kama ulikuwa unataka kujua.

CV nimeisoma. Nimewasomea pia wenzangu wakati wa chai, na Katoo alicheka mpaka akaweka mandazi chini. Hii ni CV ya nani? Inasema ulizaliwa Nakuru. Inasema una ari ya kuleta mabadiliko katika sekta ya benki. Inasema unajua Kifaransa kidogo, na katika mambo unayopenda imeandika kuogelea. Kuogelea wapi, Mutunga? Kitengela maji tunanunua kwa mtungi. Wadhamini wako ni mchungaji wa Nakuru na mwalimu mkuu wa shule ambayo hujawahi hata kupita mbele ya lango lake. Huyo Elphas alichukua CV ya mtu mwingine, akafuta jina, akaweka lako, na hakuangalia chini. Wewe ulilipa na hukuangalia hata juu.

Sikiza. Hapa tunataipa CV kutoka asubuhi mpaka jioni, na zote ni watoto wa mama mmoja. Kila mtu ni mchapa kazi. Kila mtu anafanya kazi bila kusimamiwa. Kila mtu anapenda kusoma vitabu na kusikiliza nyimbo za injili, na chifu ndiye mdhamini wa kila mtu, hata wale ambao humkimbia wakiona kofia yake. Anayeajiri akifika ya tano anaanza kupiga miayo. Unadhani anataka kujua kama wewe ni mtu mzuri? Anataka kujua kama stoo yake itakuwa salama. CV inamwambia mambo machache: kazi kama yako nimeifanya, mahali fulani, kutoka mwaka huu mpaka huu, na hiki ndicho kilichobadilika kwa sababu nilikuwa pale. Kazi ya mwisho inakuja kwanza. Kurasa mbili zinatosha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii yako imejitembeza mpaka Nakuru.

Niandikie kwa mkono wako ulichofanya kwa ile miaka minane pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usiniandikie ulivyo. Ulivyo nakujua.

Kathini.


Kitengela,
16 Mei 1998.

Kathini,

Sikukuomba mahubiri. Mtu ametaipa miezi miwili tu na tayari ni profesa. Lakini nimevumilia kwa sababu wakati ni mfupi.

Ulichouliza ni hiki. Nilikuwa mkuu wa stoo. Nilisimamia stoo. Nilihakikisha kwamba stoo inasimamiwa. Funguo zilikuwa kwangu na vijana wawili walinisikiliza. Bidhaa ziliingia na kutoka kwa utaratibu. Mambo ya kadi za stoo unayajua, hata wewe mwenyewe ulinisaidia saidia siku za Jumapili. Hayo yajaze vile unavyoona, uyape uzito. Kuhusu Januari, andika niliacha kwa hiari yangu ili nitafute changamoto.

Pale pa hali ya ndoa andika NIMEOA, kwa herufi kubwa. Nilienda Isinya mwenyewe nikaongea na Bi Dinah, yule mama anayeajiri wafanyakazi pale shambani. Ni Mmaasai wa huko, mtu wa maneno machache. Amesema nyumba ni ya mwenye familia, kwa sababu wanaume wanaokaa peke yao waliwaharibia nyumba za kwanza. Siku ya intaviu anataka kumwona mke. Kwa hivyo utakuja, siku moja tu. Uvae lile rinda la kijani, ukae kando yangu, na usiongee sana.

Mutunga.


Kajiado,
23 Mei 1998.

Baba Katee,

CV iko ndani ya bahasha hii. Ni kurasa mbili. Usimpe Elphas aipambe.

Nimesoma hayo uliyofanya. Ulisimamia, kisha ukahakikisha kwamba unasimamia. Ningeandika hivyo, Bi Dinah angeitumia kufunika kikombe.

Umesema nilikusaidia saidia. Acha nikukumbushe, maana inaonekana hata wewe umeanza kuamini maneno yako. Kila Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unaleta kadi za wiki nzima ndani ya mfuko wa karatasi, unaziweka mezani, unajinyoosha kwenye kochi na redio ya mpira. Nilizijaza mimi. Saruji, misumari, mabati, mabomba. Nilikwambia uwaagize wale vijana wafanye nini, na Jumatatu uliwaagiza kwa sauti yako. Bosi wako akakusifu, ukaja kunisimulia hizo sifa kama habari mpya. Januari nikalala na homa, kadi zikabaki ndani ya mfuko, mwenye duka akaja kukagua akakuta hakuna kilichoandikwa, akakufukuza. Ukafika nyumbani ukasimama karibu na kitanda ukaniambia ugonjwa wangu umekula kazi yako, niende kwetu nikaponee huko. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyokudharau siku ile, na sikuwa na nguvu hata za kuinua kichwa nikuonyeshe.

Sasa kazi ile yote nimeiandika kwa jina lako. Ni uongo. Lakini nimekaa na uongo huo miaka minane, na mtoto anahitaji baba mwenye kazi. Ya changamoto sikuandika. Nimeandika mwezi uliotoka kazini, basi.

Hali ya ndoa nimeacha wazi. Usidhani nimesahau. Nilipomwambia Baba kwamba nitaenda Isinya kuonekana kama mke, aliniuliza mke wa nani. Unajua kwetu Wakamba mbuzi watatu wa ntheo wasipofika, mwanamke hata akizaa kumi bado ni wa baba yake. Kila mwaka ulisema ni mwezi ujao. Baba alisema hivi, na sikuongeza neno: "Mimi niko na binti anayekaa kwa mtu. Mkwe sina."

Kwa hivyo ni rahisi. Njoo na wazee wa ukoo wenu na hao mbuzi. Ukija, nitapanda gari nije Isinya na hilo rinda la kijani, na neno unalolitaka nitaliandika mwenyewe. Na sitakuwa nimeliandika kwa ajili ya nyumba. Nitakuwa nimetaka.

Kathini.


Kitengela,
20 Juni 1998.

Mama Katee,

Nimeitwa! Intaviu ni Ijumaa hii inayokuja. Waliotuma maombi ni wengi kuliko watu wa mkutano wa injili, na wamechagua wanne tu. Bi Dinah aliniambia CV yangu ndiyo ya kwanza aliyoisoma mpaka mwisho. Umeona sasa? Uzoefu haufichiki. Hata kwa kurasa mbili umetokeza.

Kuhusu mbuzi, kusema kweli hayo ni mambo ya kale. Watu siku hizi wanaoana kwa DC asubuhi na saa sita wako kazini. Lakini sitaki mzee aseme sina heshima. Jumatano mbuzi watatu watafika hapo kwenu kwa lori la Sankale. Wazee wa ukoo wako mbali, Mwala na huko ndani, watakuja Desemba wakati wa likizo. Mimi mwenyewe siwezi kufika kwa sababu ya kujitayarisha, suti iko kwa fundi.

Pale ulipoacha wazi nilijaza mwenyewe kwa kalamu. Alhamisi jioni nitakungojea hapa Kitengela.

Mume wako,
Mutunga.


Kajiado,
24 Juni 1998.

Kwa kijana Mutunga wa Munguti,

Haya ni maneno ya Mulinge. Anayeandika ni Kathini, kwa sababu macho yangu yamekataa vitu vidogo kama herufi. Mbuzi bado nawaona.

Mbuzi watatu wameshuka hapa leo kutoka juu ya kokoto. Hakuna mzee aliyekuja nao, hata mwenye mbuzi hakuja, amekuja dereva. Nikasema moyoni labda ndiyo dunia ya sasa. Nikawakaribia niwashike. Mimi nimekaa Kajiado tangu nikiwa fundi wa reli, na majirani zangu ni Wamaasai. Kila boma hapa lina mkato wake wa masikio ya mbuzi, na mtu akikaa nao huu muda wote anaujua kama anavyojua milango ya majirani. Hawa watatu wamekatwa sikio la kushoto mara mbili. Huo ni mkato wa kwa akina Sankale.

Nikamwuliza Sankale ni lini alikuuzia. Yule kijana ana adabu, aliangalia chini kwanza. "Mzee, sitakudanganya," akasema, "hawa ni wangu. Aliniomba wakae hapa kwako mpaka Jumamosi, halafu nirudi niwachukue."

Nilimpa chai. Mbuzi wakanywa maji, tukawapakia tena pamoja.

Nimesikia mtu akikopa suti ya harusi. Nimesikia mtu akikopa ng'ombe wa kulima. Kukopa mbuzi wa ntheo ili baba wa mwanamke awaangalie siku tatu halafu warudi kwao, hiyo sijaisikia Ukambani wala Umaasaini. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yako yameonekana kutoka Kitengela mpaka hapa. Ungesema huna, ningengoja. Nilikuwa nangoja bila kukusumbua. Kumbe ulikuwa unanihesabu kama mjinga aliyekaa karibu na reli akisubiri kudanganywa.

Usiniite baba. Niite Mzee Mulinge, kama wanavyoniita watu wa barabarani.

Mulinge.

Baba ametoka nje. Haya ni yangu mimi. Niliposikia lori na nikaona mbuzi wanashuka, nilikimbia ndani nikavaa rinda la kijani. Nilivaa hata kabla sijawaangalia vizuri. Nilifurahi, Mutunga, nikakosea hata vifungo kwa haraka, na Mama alisimama mlangoni akinitazama. Nilikuwa bado nimelivaa Sankale alipokuwa anaeleza. Hiyo aibu nimeibeba mbele ya wazazi wangu, na hata uje na boma zima la mbuzi hutaiondoa.

Ijumaa usinitafute.

Kathini.


Kitengela,
28 Juni 1998.

Kathini,

Ufurahi sasa. Mambo yameharibika.

Bi Dinah aliuliza mke yuko wapi nikasema ni mgonjwa. Akaandika kitu. Halafu akashika ile CV yako akauliza, "Hapa umesema saruji iliyoingia kwanza ndiyo ilitoka kwanza, na haikuganda hata mfuko mmoja. Uliwezaje kujua ipi iliingia kwanza?" Nikasema kwa kuangalia. Wale wawili aliokaa nao wakaangaliana. Nikasema kwa uzoefu. Akauliza uzoefu huo unaonekanaje kwenye mfuko wa saruji. Nikamwambia kuna mambo ambayo mtu wa stoo anayajua moyoni. Mmoja wao alikohoa ili asicheke, nilimwona.

Uliniandikia mtego. Uliweka maneno makubwa ili niulizwe. Na babako, mtu mzima, anapima ndoa kwa masikio ya mbuzi. Nilikuwa nafanya haya yote ili turudi pamoja, na mkanifanya kichekesho cha lori. Sankale haniangalii tena usoni, na alikuwa rafiki yangu.

Kaa huko utaipe mpaka vidole vipinde. Wanawake Kitengela ni wengi, na hawaulizi mambo ya mbuzi.

Mutunga.


Kitengela,
7 Septemba 1998.

Mke wangu Kathini,

Barua ile ya mwisho ilikuwa ya hasira, na hasira ni hasara. Hukujibu na sikulaumu. Nimekuwa nikifikiri sana kuhusu sisi.

Leo nimekutana na Sankale kwenye mizani ya kokoto, na ameniambia jambo ambalo sikuliamini mpaka nikauliza mtu wa pili. Kwamba wewe ndiye mtunza stoo pale Isinya tangu mwezi uliopita. Na nyumba ya mawe umepewa. Hongera. Nilijua siku moja Mungu atatufungulia mlango, hata kama ameamua kupitia kwako.

Mimi siwezi kuweka kinyongo kwamba kazi ni ile ile yangu. Kazi ikiingia nyumbani imeingia nyumbani. Kodi ya chumba hapa inaisha, kwa hivyo nimeamua Jumamosi nitakuja na godoro na vitu vichache, vingine nitaviuza. Waambie watu wa lango kwamba mume wako anakuja. Wewe utakuwa kazini na mimi nitakuwa naangalia nyumba mpaka nipate kitu cha hadhi yangu. Mambo ya ntheo tutayamaliza Desemba, safari hii kwa mbuzi wangu kabisa.

Nimekukosa sana. Hata chai.

Mume wako,
Mutunga.


Isinya,
12 Septemba 1998.

Kwa Bwana Mutunga Munguti,

Nakuandikia alfajiri ya Jumamosi hii hii unayotaka kuja, na barua anakuletea Sankale asubuhi mapema, ili usijisumbue kukunja godoro.

Katika wale wanne hawakupata mtu, wakatangaza upya mwezi wa Julai. Nilisoma tangazo hilo nikilitaipa mimi mwenyewe, maana waliliagiza kwa Katoo. Jioni hiyo nilibaki ofisini na mashine. Ile CV niliyokuandikia Mei nilikuwa na nakala yake. Niliisoma kama ya mtu nisiyemjua, nikaona ni ya mtu mwenye akili, na kwamba nilikuwa nimempa mtu asiyejua kilichoandikwa ndani. Nikaitaipa tena. Sikubadilisha sana, nilibadilisha jina, na pale pa mwajiri nikaeleza ukweli, kwamba kazi niliifanyia mezani kwangu bila mshahara na jina lililokuwa juu halikuwa langu. Katoo aliniambia hiyo sentensi itanikosesha kazi. Nikamwambia basi inikoseshe.

Bi Dinah aliponiita alikuwa na zote mbili mbele yake. Akaniuliza kwa nini anahisi ameshawahi kunisoma. Nikasema ile nyingine pia niliiandika mimi, kwa ajili ya mtu. Hakuniuliza ni nani. Akaniuliza swali la saruji. Nikamwambia tarehe ya kuingia hupigwa kwa chaki kwenye mfuko wa chini wa kila rundo, na rundo halichanganywi na lingine. Ni hilo tu, Mutunga. Wale vijana wako wawili walikuwa wakipiga chaki hiyo kila siku mbele ya macho yako. Stoo nzima ilikuwa inaijua isipokuwa mkuu wa stoo.

Akaniuliza pia kuhusu mume. Nikamjibu kwamba sijaolewa, niko na mtoto, na wazazi wanaweza kushuhudia. Nilidhani nitalia nikisema hivyo. Sikulia. Nililia usiku ule wa mbuzi, na hayo yaliisha. Kuna wakati nilikupenda mpaka nikafanya kazi mbili na kuita moja yako. Sasa hata kukukasirikia naona ni kazi, na kwa kazi siku hizi nalipwa.

Katee ni mtoto wako na hilo halihitaji mbuzi. Jumapili anakuwa kwa babu yake Kajiado. Ukienda, simama nje ya boma, uite, ungoje uitwe na Mzee Mulinge mwenyewe. Akikuita utamwona mtoto. Hapa Isinya lango linafunguliwa kwa majina yanayotoka ofisini, na lako sijalipeleka wala sitalipeleka.

Umesema unatafuta kitu cha hadhi yako. Kipo. Mwezi ujao tunachukua vibarua wa kupakua mbolea, na siku hizi hata kibarua anaombwa CV. Andika yako mwenyewe, kwa mkono wako, yale uliyoyafanya wewe. Ukurasa mmoja utakutosha. Iache kwa mlinzi, nitaisoma mimi.

Kathini Mulinge,
Mtunza Stoo.